Sufuria za shaba za Ufaransa na maziwa: maswali yenu

Nimenunua karai kubwa la shaba katika soko la vitu vya kale Besançon. Ndani halina bati, lile linalopakwa ili chakula kisiguse shaba. Muuzaji anasema ni la jibini. Nimepigwa?

Sidhani. Hapo uko kwenye nchi ya jibini la Comté, na kanuni zake hadi leo zinataka maziwa yagandishiwe kwenye chombo cha shaba tupu. Beaufort, kule milima ya Alps, ni hivyo hivyo. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 32 hivi, hutiwa reneti (kimeng'enya cha kugandishia maziwa), yakiganda hukatwakatwa mpaka yawe chembe ndogo kama punje za ngano, kisha hupikwa tena kwa nyuzi 53 hadi 56 kwa nusu saa au zaidi. Hapo ndipo shaba inapoonyesha kazi yake: joto linaenea upesi, chini hapaungui. Gurudumu moja la Comté hula lita 400 hivi za maziwa, kwa hiyo kuunguza ni hasara ya kulia. Shaba kidogo inayoingia kwenye jibini pia huwabana bakteria wanaolijaza gesi na kulipasua likiwa ghalani.

Basi naweza kugandishia mtindi humo humo?

Hapana. Jibini hutolewa kabla maziwa hayajachacha. Mtindi hulala humo ukichacha, na asidi inayeyusha shaba. Malai ya kuchachusha nayo usiweke. Siagi vilevile: shaba huharakisha mafuta kuharibika na kutoa harufu.

Nina mtungi wa maziwa wa Normandie, tumbo nene, shingo nyembamba. Bati la ndani limebanduka. Niutumie?

Ah, mitungi hii! Ng'ombe walikamuliwa malishoni, mtungi ukarudi nyumbani begani. Kwa sasa uwe wa maua tu. Bati la zamani huenda lilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo fundi alikwangue lote kabla ya kupaka jipya. Villedieu-les-Poêles, mji wa wafua shaba hapo hapo Normandie, bado una karakana za kazi hii. Ukishapakwa, usiuweke mtupu motoni: bati huyeyuka kwa nyuzi 232.

Kutu ya kijani naiondoaje?

Limau na chumvi, kwa kitambaa. Suuza sana, kausha papo hapo. Steelwool itachuna. Dawa ya kung'arishia madini ibaki nje ya chombo, isiguse ndani.