Shamba Kwanza, Kisima Baadaye

Wiki iliyopita dada mmoja anayewaandalia waumini wenzake ziara ya Nchi Takatifu aliniandikia akiomba nimsaidie kupanga siku za jangwani. Nilimjibu kwa mstari mmoja: anzeni na shamba. Sababu yake ni habari ndefu, na sehemu yake bado inaniuma.

Katika safari ya kwanza niliyoiongoza, tukiwa watu 23, niliiweka kibbutz ya Sde Boker, yaani shamba la jumuiya katika jangwa la Negev, mwishoni kabisa kama kiporo. Tulishuka kutoka Yerusalemu hadi Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, tukaingia En-gedi alikojificha Daudi, tukapanda ngome ya kale ya Masada kwa kigari cha kwenye waya (najua, Masada haimo katika Biblia, lakini jaribu kuwaambia hivyo watu waliokwisha kulipa), kisha tukaenda Beer-sheba. Langoni pa mji wa kale kuna kisima chenye kina cha karibu mita 70. Watu wangu walichungulia, wakapiga picha, wakarudi kwenye kiyoyozi cha basi.

Sde Boker tulifika alasiri, tukiwa hoi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilieleza kwamba kibbutz hiyo ilianzishwa mwaka 1952, na kwamba David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, alihamia hapo mwaka 1953 akaishi katika nyumba ndogo ya mbao na kufanya kazi zizini kwa kondoo. Kabla sijamaliza, mzee mmoja aliyewahi kuishi katika kijiji cha ujamaa alinikatiza: "Binti yangu, nauli yote hii ni ya kuja kuonyeshwa shamba la pamoja? Hayo tuliyaona enzi za Mwalimu." Wote wakacheka. Nami nilicheka, ila usiku ule sikupata usingizi, na tuliporudi nyumbani aliyeshukuriwa kanisani ni dereva.

Kosa, hata hivyo, lilikuwa langu. Mtu aliyekulia Tukuyu, ambako mvua humfuata hadi sebuleni, hawezi kustaajabia kisima kwa kuambiwa tu. Sde Boker hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Ni lazima kwanza auone mpira mweusi wa maji uliolazwa mguuni pa mzabibu ukitoa tone baada ya tone, mbinu ambayo kibbutz ya Hatzerim, jirani na Beer-sheba, iliianzishia kampuni mwaka 1965. Ndipo atakapoelewa kwa nini, katika Mwanzo 26, wachungaji wa Gerari waligombana na watu wa Isaka hata kisima kikaitwa Eseki (yaani ugomvi), wakagombania na cha pili, mpaka alipochimba cha tatu akakiita Rehobothi (yaani nafasi). Wapendwa, tunahubiri maji ya uzima huku bomba likivuja uani. Tusishangae Neno likitupita juu juu. Viongozi wenzangu, acheni kuhesabu vituo kama kondakta.

Safari ya pili tulianzia Sde Boker, asubuhi, matumbo yakiwa yameshiba. Kesho yake, kisimani Beer-sheba, mama mmoja aliinama ukingoni akauliza kamba ya kufika kule chini ilisokotwa kwa nini, na ni nani aliyekuwa akiivuta. Tulikaa pale saa nzima, na maduka ya vipodozi vya Bahari ya Chumvi hayakutajwa hadi saa tisa.