Kabla Hujauza Ile Sarafu ya Shilingi Arobaini

Ukipekua makasha ya wazee wetu hapa Kenya, hukosi kuikuta: sarafu ya rangi mbili, upande mmoja uso wa Mwai Kibaki, upande wa pili nembo ya taifa, thamani yake shilingi arobaini. Mtu akiiokota humo, jambo la kwanza ni kukimbilia simu kuuliza itamletea ngapi. Nikuambie mapema usije ukakopa ukitegemea hiyo: haitakuletea cha maana. Ilitolewa mwaka 2003 itumike madukani kama pesa nyingine, watu wengi wakaiweka, na kitu kilichofichwa na kila mtu hakiwi adimu. Kama unatafuta bei, afadhali ile ya shilingi tano ya mwaka 1973 yenye pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, yenye sura ya Mzee Kenyatta. Hiyo huioni ovyo.

Lakini ya arobaini ina kisa, na kisa hicho ndicho ninachokushauri ukijue kabla hujaitoa mkononi.

Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002. Kabla yake Moi alikuwa amekaa miaka 24, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sura yake ndiyo tuliyoishika kila siku, kwenye noti na kwenye sarafu. Rais mpya akaahidi kwamba yeye hataweka sura yake kwenye pesa. Watu tukapiga makofi. Haukupita mwaka, ikafika Desemba 2003, nchi inatimiza miaka 40 ya uhuru, na sarafu ya ukumbusho ikatoka: nani yuko hapo? Ni yeye. Maguno yalisikika, na mimi sioni kama waliokuwa wakiguna walikosea. Pesa za kawaida baadaye zilirudishiwa Kenyatta, kwa hiyo hii ya arobaini ikabaki kuwa pesa pekee ya madukani Kenya yenye uso wa Kibaki. Kisha Agosti 2010 ni Kibaki huyo huyo aliyetia saini Katiba mpya, na kifungu cha 231 kikapiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Ndiyo maana sarafu zilizotoka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu.

Marehemu mama yangu hakuiweka kwa sababu ya Kibaki. Alikuwa akiuza mboga soko la Kongowea, Mombasa, akalipwa nayo na mteja wa sukuma wiki. Jirani yake wa meza ya pili akamwambia amepunjwa, hiyo si pesa, ni nishani ya kuvaa kifuani. Wakabishana mpaka akapita mchuuzi aliyekwisha kuiona akawaamua. Mama akaifunga kwenye pembe ya leso, fundo lake peke yake, mbali na fundo la mauzo, na jioni akapanda matatu kwa pesa nyingine. Miaka ilipita kabla sijamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Bendera ilipopandishwa mimi nilikuwa najua kufunga leso mwenyewe. Hii nchi ni mdogo wangu. Mdogo wako akitimiza miaka arobaini huuzi zawadi yake."

Nisingeuliza, leo ningekuwa na kipande cha chuma tu. Kwa hiyo, ndugu yangu, kama mwenye sarafu bado yuko hai, muulize. Usimuulize ni ya bei gani. Muulize aliipata kwa nani, siku hiyo alikuwa anakwenda wapi, na kwa nini hakuitumia ilhali pesa ilikuwa ngumu. Andika majibu kwa maneno yake, usiyasafishe. Wazee wengine hawapendi kuandikwa wakiongea. Rekodi kwa simu ukiruhusiwa, au andika ukishatoka nje.

Sarafu yenyewe pia usiisafishe. Najua mkono unawasha ukiona imepauka: ndimu, majivu, dawa ya meno, waya wa kusugulia sufuria. Wacha kabisa. Msuguo unaacha mikwaruzo isiyotoka, na mkusanyaji wa sarafu akiiona anaikataa. Ishike ukingoni, si usoni, maana jasho la vidole nalo linaila. Iweke kwenye bahasha ndogo kavu ya karatasi. Plastiki laini ya bei rahisi hutoa unyevu wa kunata unaoigeuza kijani, hasa kwetu pwani kwenye joto na chumvi.

Kuhusu wale wanaotangaza mtandaoni kwamba wananunua sarafu za zamani kwa mamilioni: mnunuzi wa kweli hakuombi umtumie kwanza "ada ya usajili". Akitaja ada, kata simu.

Limebaki la warithi, na hapa watu hugombana kweli. Sisi tuko ndugu kadhaa na sarafu ni moja. Tumekubaliana ikae kwa dada mkubwa, pamoja na karatasi yenye maneno ya mama, na kila mmoja ana picha ya pande zote mbili. Sharti tulilompa ni moja: isikae kwenye kopo la chenji, kwa sababu wajukuu wanaijua njia ya dukani, na kisheria shilingi arobaini ni shilingi arobaini.