Sosi ya pilipili inayotoa povu

Dada, sosi yako ya pilipili mbuzi inatoa povu na kusukuma kifuniko baada ya wiki kwa sababu imechacha: umeweka maji kikombe kizima, siki vijiko viwili tu. Maji acha kabisa. Chukua pilipili gramu 250, karoti 1, kitunguu saumu punje 4, chumvi kijiko 1 cha chai na siki ya asilimia 5 mililita 250. Chemsha dakika 15 madirisha yakiwa wazi, maana mvuke wake unakaba koo. Ipoe kidogo, saga, irudishe jikoni itokote tena, kisha mimina ikiwa ya moto kwenye chupa iliyochemshwa dakika 10. Tafadhali usiifunike kwa mafuta: saumu iliyozama kwenye mafuta bila asidi ya kutosha inaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu. Ihifadhi kwenye friji.