Maswali na majibu: Damu ya mtoto haisomwi kwa vipimo vya mtu mzima

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na picha ya karatasi ya maabara, na nyingi zimepigwa kwa namna ambayo sehemu ya juu, yenye umri wa mtoto, imekatwa. Nimekwisha kuomba mara nyingi na naomba tena: umri ndio utajwe kwanza, na uwe kwa miezi kama mtoto hajafikisha miaka 2, kwa sababu namba ileile inaweza kuwa afya kwa mtoto wa wiki 10 na ugonjwa kwa mtoto wa miezi 16.

Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi 2 na nusu. Alizaliwa na damu 17, juzi amepimwa amekutwa na 10.2. Wifi yangu ananiambia nimpe juisi ya rozela na bitiruti. Je, anaishiwa damu? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Haishiwi damu. Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kwa uchache kupitia kondo la nyuma, ndiyo maana huzaliwa na chembechembe nyekundu nyingi, himoglobini (ndiyo hiyo namba mnayoiita "damu") ikiwa kati ya gramu 14 na 20 hivi kwa desilita. Akishaanza kupumua kwa mapafu yake oksijeni huwa tele, figo hupunguza homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembechembe nyekundu, na zile alizozaliwa nazo hufa mapema kuliko za mtu mzima, ambazo huishi siku 120. Kwa hiyo damu hushuka mpaka kiwango chake cha chini kabisa kati ya wiki ya 8 na ya 12, na kukuta 9.5 hadi 11 kwa mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake ni jambo la kawaida. Mtoto njiti hushuka zaidi, tena mapema zaidi. Baadaye uboho huanza kazi tena wenyewe.

Juisi usimpe. Wekundu wa rozela ni rangi tu, na mtoto wa umri huo hapaswi kupewa chochote zaidi ya maziwa ya mama. Kinachotakiwa kukutoa nyumbani ni mtoto kuchoka anaponyonya, kupumua haraka haraka, au viganja na midomo kupauka.

Binti yangu wa miaka 2 alipimwa picha kamili ya damu kwa ajili ya kuanza shule ya awali. Chembechembe nyeupe ni 12.4, na kati ya hizo limfosaiti ni asilimia 61 na pembeni pameandikwa H, nyutrofili asilimia 29 na pembeni pameandikwa L. Ameandikiwa sindano za siku 5. Hana homa, anakula na anacheza. (Baba, Dodoma)

Hizo ni namba za mtoto mzima wa afya, na naomba wasomaji wengine wasome jibu hili polepole, kwa kuwa jambo hili linaumiza watoto wengi.

Mashine ya kuhesabu damu haimjui binti yako. Imewekewa viwango, na katika vituo vingi viwango hivyo ni vya mtu mzima, ambavyo kwa chembechembe nyeupe ni 4 hadi 11, yaani 4,000 hadi 11,000 katika kila maikrolita ya damu. Namba ikivuka mpaka, mashine inaandika H (iko juu) au L (iko chini) hata kama aliyetolewa damu ni mtoto wa miezi 8. Lakini mtoto wa mwaka 1 hadi 3 mwenye afya huwa na chembechembe nyeupe kati ya 6 na 17 hivi, na mtoto mchanga siku ya kwanza anaweza kufika hata 30 bila ugonjwa wowote. Tena, kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza ya maisha mpaka umri wa miaka 4 au 5, limfosaiti ndizo nyingi kuliko nyutrofili, kinyume kabisa cha mtu mzima. Ukizidisha asilimia 29 kwa 12.4 unapata nyutrofili 3.6, ambazo zinamtosha kabisa. Hata zingekuwa 1.2 nisingekimbilia kuogopa, maana watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na nyutrofili chache katika damu kuliko zinazoandikwa vitabuni, na kinga yao haina kasoro.

Jambo lingine halisemwi vya kutosha. Kiwango cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Kati ya watoto 20 wazima, mmoja ataangukia nje ya mstari katika kipimo chochote, na karatasi yenye vipimo 20 tofauti ina nafasi ndogo kuliko nusu ya kutoka bila herufi hata moja. Nimewahi kukaa na mama akilia mbele yangu juu ya herufi L, karatasi ameikunja mara nne ndani ya kadi ya kliniki, huku mwanawe akivuta droo ya meza yangu kutafuta biskuti. Nilimwomba amtazame mwanawe kwanza, ndipo tukaifungua karatasi.

Kuhusu sindano, rudi kwa aliyeandika umuulize anatibu ugonjwa gani. Kama jibu ni "chembechembe ziko juu" na hakuna ugonjwa uliotajwa, tafuta daktari mwingine kabla ya sindano ya kwanza. Antibayotiki zinazochomwa ovyo leo ndizo zitakazogoma siku mtoto atakapougua kweli.

Chembechembe nyeupe za mtoto ziko juu. Ni UTI au ni taifodi? (Bila jina)

Umri haupo, dalili hazipo, namba haipo. UTI hutafutwa kwenye mkojo, na taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara ili kuona kama ina vijidudu vyake. Kipimo cha Widal mnachokitegemea hutoa majibu ya uongo kwa watu wazima na watoto kila siku.

Mwanangu ana miaka 3, anaamka uso umevimba. Kriatinini ni 78, na karatasi inasema kawaida ni 62 hadi 106, kwa hiyo figo ni nzima. Je, ni mzio? (Mama, Mombasa)

Mpeleke hospitali leo. Kriatinini ni taka ya misuli ambayo figo huiondoa, na ikizidi huashiria figo zimelemewa. Mtoto wa miaka 3 ana misuli midogo, hivyo yake huwa kati ya 20 na 40 hivi. 78 ni kama maradufu. Viwango vya watu wazima havikosei upande mmoja tu. Kwa yule binti wa Dodoma vilimpa ugonjwa asiokuwa nao, na kwako vimeuficha. Apimwe presha na mkojo uangaliwe kama una protini au damu, na asipewe diklofenaki wala ibuprofeni.

Alkali fosfatesi ya mtoto wa miaka 4 ni 310. Ini limeharibika?

Hapana, kama macho si ya manjano na vipimo vingine vya ini viko sawa. Mifupa inayokua hutoa kimeng'enya hicho kwa wingi. Ila miguu ikiwa inapinda, nenda ukaulize kuhusu matege.

Mtoto ana mwaka 1 na miezi 4, damu 9.4. Nimeambiwa hiyo ni kawaida kwa watoto wa Kiafrika. Anapenda chai ya maziwa asubuhi na jioni. (Bibi, Mtwara)

Shikamoo bibi. Aliyekwambia hivyo amekosea. Jambo kuenea hakulifanyi kuwa afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka mpaka wa chini kuwa 10.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na 11 kuanzia miaka 2 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa wanaoishi milimani mpaka hupanda. Nairobi, kwa mfano, takribani gramu moja zaidi.

Ni kweli kwamba tunahitaji viwango vilivyopimwa kwa watoto wetu wenyewe, na kazi hiyo imefanyika, ikiwemo ya mkoa wa Kilimanjaro iliyochapishwa 2010. Lakini damu ya 9.4 ina sababu. Mjukuu wako apimwe malaria, choo kwa ajili ya safura na minyoo mingine, na selimundu (sikoseli). Chai ikome, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na mahali pake pakae dagaa waliosagwa, maini na maharage, pamoja na chungwa. Akipewa dawa ya maji ya kuongeza damu, aimalize miezi yote aliyoandikiwa, na chupa iwekwe juu kabisa, kwa sababu mtoto akiinywa yote inaweza kumuua. Kuongezewa damu hakuhitajiki kwa kiwango hicho.

Sisi wazazi wote tuna vinasaba vya selimundu. Mtoto alipimwa kwa kipimo cha haraka akiwa na siku 10, hakuonekana nayo. Tumepona? (Baba, Mwanza)

Bado. Mtoto mchanga ana himoglobini ya tumboni kwa wingi, nayo huificha ile ya selimundu, hivyo kipimo cha haraka cha aina ya zamani (kile kiitwacho "sickling" au "solubility") hakiaminiki kabla ya miezi 6. Ombeni sasa kile kinachotenganisha aina za himoglobini, na majibu yakichelewa huku mtoto amepata homa, msisubiri: mpelekeni siku hiyohiyo na mwelezeni mhudumu hali yenu ninyi wawili.