Sikio linalia: maswali yenu, na lile mnaloliruka

Tangu baridi ianze, meseji ninazopata nyingi ni za sentensi moja: "Dokta, sikio linalia, nitumie dawa gani?" Hamsemi umri, hamsemi kazi, hamsemi ni sikio lipi wala tangu lini. Mlio wa sikio ni dalili, hauna kidonge chake, na mara nyingi unaambatana na usikivu uliopungua pasipo mwenyewe kujua. Kwa hiyo nami nina swali: umepimwa usikivu? Kama bado, anzia hapo, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa, siyo duka la dawa.

Shikamoo dokta. Nina miaka 34, napasua mbao Mafinga. Nikizima mashine jioni masikio yanapiga filimbi. Zamani ilikuwa ikifika asubuhi yameacha, sasa hayaachi. Nipate dawa gani?

Marahaba. Kwanza ahsante kwa kuuliza kama mtu anayetaka kujibiwa.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande, na ndizo zinazopeleka habari za sauti kwenye ubongo. Kelele ikizichosha, mlio unakuja na kuondoka. Ikiziua, hazioti tena maisha yako yote, na ubongo ukikosa habari ulizozizoea unajitengenezea sauti yake. Miaka ile masikio yalipokuwa yanaacha kulia asubuhi, yalikuwa yanakuonya, ukadhani yamepona.

Sasa piga hesabu. Kelele ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Chenso hufika 110. Pamba unayochomeka sikioni haikusaidii kitu cha maana. Tafuta vifunika masikio vile vinavyovaliwa kama hedifoni, au vizibo vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na uvivae kabla mashine haijawashwa. Ukirudi nyumbani vivue, maana kukaa navyo kwenye ukimya kunafanya mlio usikike zaidi.

Kuhusu bosi wako: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga. Nawafahamu wenye mashine wanaonunua mnyororo mpya wa chenso bila kuulizwa mara mbili, lakini vifunika masikio wanasema ni mambo ya kizungu. Mlio wako huenda usiishe. Unachoweza kuzuia ni usiongezeke, na usikivu uliobaki usiufuate ule uliokwisha kwenda. Watu wa karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Chunya, wasaga unga, na ninyi wanakwaya mnaosimama mbele ya spika Jumapili nzima, jibu hili ni lenu pia.

Sikio la kushoto likilia ni kweli kuna mtu ananisema vibaya?

Inawezekana unasemwa. Sikio halina taarifa hizo.

Nimeshatumia matone ya aina tatu ya famasi hapa Mwanjelwa, bado linalia. Niongeze lipi?

Usiongeze lolote. Katika aina zote tatu, kuna aliyekuangalia ndani ya sikio kwa taa? Hakuna, ungenitajia. Nta ikijaa inatolewa, usaha unatibiwa, na mlio unaweza ukaisha hapo hapo. Lakini kama shida iko sikio la ndani, matone hayafiki huko. Yakifika ni kwa sababu ngoma ya sikio imetoboka, na hapo yale yenye jentamaisini yanaweza kukuharibia usikivu uliokuwa salama. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na mkojo (ndiyo, mkojo, bado mnaniandikia) ni hivyo hivyo. Vijiti vya pamba, pini za nywele na unyoya wa kuku vinashindilia nta. Hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Nimehamishiwa Njombe kikazi kutoka Dar. Kule sikuwa na tatizo. Hapa kila usiku nasikia nyenje kichwani, silali. Ni baridi au ni huu mwinuko?

Mdogo wangu, ni feni. Dar ulikuwa unalala nayo inanguruma juu ya kichwa, dirisha wazi, bodaboda zinapita, jirani ana sherehe. Njombe mwezi wa saba unafunga kila tundu, unajifunika blanketi mbili, na nje hakuna hata mbwa anayebweka. Huenda nyenje hao ulikuja nao kwenye begi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 walisikia milio ambayo haikuwepo.

Basi usilale kwenye ukimya. Weka redio chini, au sauti ya mvua kwenye simu, iwe ndogo kuliko mlio wenyewe. Usiufunike kabisa, ubongo unatakiwa uusikie na uuzoee. Mvua zikianza, bati litakufanyia kazi hiyo bure. Mgeni akilala sebuleni kwako anasikia saa ya ukutani usiku kucha, wewe mwenyeji huisikii tena. Huko ndiko tunakotaka ufike, na kwa wengi huchukua miezi. Kinachochelewesha ni hofu, na ile tabia ya kuusikiliza kila dakika uone kama bado upo. Mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia anayefundisha kubadili fikra na mazoea ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko vyote katika kupunguza mateso ya mlio. Mlio ukikufikisha mahali pa kutamani kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Virutubisho viache. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri visitolewe kwa ajili ya mlio: ginkgo, zinki, melatonini. Anayekuuzia chupa ya "kuzibua mishipa ya masikio" pale stendi hana kinachozidi hapo. Na kwa kuwa unafunga kila tundu: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika tano. Hujauliza, lakini kila msimu wa baridi tunazika watu kwa hilo.

Ulanzi unasababisha sikio kulia?

Iangalie kwanza spika ya pale unapounywea.

Mama yangu ana miaka 71, yuko Tukuyu. Anasikia mvumo kama wa mto masikio yote mawili. Mtumishi amemwambia ni roho chafu, anamfungisha siku tatu tatu.

Mzee wa miaka 71 kukaa na njaa siku tatu, hilo ndilo linalonitisha kuliko mvumo. Mpe shikamoo yangu, kisha mketi mezani umuulize kitu kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Kama hajibu, au anaitikia "ndiyo" kwa kila swali, umeshapata mwanzo. Usikivu unapungua na umri, na mvumo unafuata. Wengi wa rika lake wakipata shimesikio (kile kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia) linalowafaa wanasikia wajukuu, na mvumo unarudi nyuma. Maombi aendelee nayo, akiwa amekula.

Tofauti ni kama anasikia maneno, watu wanamsema au wanamwamuru. Huo si mlio, na kliniki yake ni ya afya ya akili. Hakuna aibu hapo.

Baba anadai dripu za kwinini alizopigwa Kyela ndizo zilizomharibu masikio. Ni kweli?

Kwinini inaliza masikio, kila aliyetundikiwa anakumbuka. Kwa wengi mlio huisha dawa ikitoka mwilini, na siku hizi malaria kali inatibiwa kwanza kwa sindano ya atesuneti. Aspirini nyingi nayo hufanya hivyo. Za kuogopa zaidi ni sindano kama streptomaisini, kanamaisini na amikasini, zilizotumika sana kwenye TB, kwa kuwa zikiharibu mara nyingi ni moja kwa moja. Ukiwa kwenye dozi yoyote masikio yakaanza kulia, rudi kwa aliyekuandikia upesi. Usijiachishe mwenyewe.

Juzi nimeamka sikio la kulia limeziba ghafla, halisikii, linavuma. Nimeambiwa ni mafua, nisubiri wiki mbili.

Usisubiri hata kesho. Huenda ni nta, tutacheka. Lakini usikivu unaopotea ghafla upande mmoja ni dharura. Kuna dawa za steroidi zinazoweza kuurudisha, na nafasi yake ni ndani ya hizo hizo wiki mbili.

Mlio wangu unadunda pamoja na mapigo ya moyo.

Pima presha, pima wingi wa damu, kisha muone daktari wa masikio hata kama vyote viko sawa. Mlio unaodunda, au wa sikio moja tu, lazima utafutiwe chanzo.

Kila nikishuka Kitonga nikiwa na mafua masikio yanaziba, yanauma, kisha yanalia siku nzima. Niache kusafiri?

Safiri mafua yakipungua, ukiweza kuchagua. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo, na mafua yanauziba. Ukishuka, shinikizo la hewa nje linaongezeka na ngoma ya sikio inasukumwa ndani. Tafuna bigijii, meza mate mara kwa mara kuanzia juu kabisa ya mlima. Au bana pua, funga mdomo, pulizia taratibu. Ukipuliza kwa nguvu utajiumiza. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati wa kushuka. Likipita wiki bado limeziba, au likitoa maji, nenda ukaangaliwe. Na unapokata tiketi, omba siti ambayo haiko chini ya spika.