Jibu: Spika ya kubeba kwa shughuli za watu 80, Dodoma

Habari mkuu. Umekwama kati ya ile spika yenye stika ya wati 3000 na ile ndogo iliyoandikwa RMS 300, shughuli zako za uwanjani watu kama 80. Achana na stika kwanza, uliza RMS ya hiyo kubwa, ndo nguvu inayotoa muda wote, 3000 mara nyingi ni kilele cha kufumba na kufumbua. Kingine nje sauti inapotea, umbali ukiwa mara mbili desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 zimeenda, wati ukiongeza mara mbili unapata 3 tu. Mi kwenye send-off moja Nkuhungu niliweka spika chini, meza za mbele wanaziba masikio huku mashangazi wa nyuma hawasikii hata MC anamuita nani, nikaipandisha kwenye stendi juu ya vichwa ikakaa sawa. Kwahiyo igeuze chini uone kama ina tundu la stendi. Na maiki nunua na sponji kabisa, upepo wetu huu unavuma balaa. Chaji ijaribu hapohapo dukani, umeme umechomolewa, sauti kubwa nusu saa, maana masaa ya kwenye boksi mara nyingi ni ya sauti ndogo. Mi ningebeba hiyo ya 300.