Je, bakteria aliyeonekana chooni ndiye aliyemletea kaka ugonjwa wa Crohn?

SWALI: Shikamoo, daktari. Kaka yangu aligundulika kuwa na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa njia ya chakula, baada ya kutibiwa amiba mara tatu bila nafuu. Juzi majibu ya kipimo cha choo yaliandikwa “Escherichia coli”, naye sasa anataka kununua antibiotiki ammalize. Je, huyo ndiye chanzo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwambie kaka yako asikimbilie duka la dawa. Escherichia coli huishi katika utumbo wa karibu kila mtu, wako na wangu pia, kwa hiyo jina lake tupu kwenye karatasi ya maabara halimtii hatiani. Kinachomtenga mkorofi na mpole ni jeni anazobeba, ambazo kipimo cha kawaida cha choo hakizisomi.

Chukua aina iitwayo LF82, iliyotolewa kwa mgonjwa wa Crohn na kuchunguzwa na Arlette Darfeuille-Michaud na wenzake huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Katika ncha za vinyweleo vyake mna protini ya kushikia, FimH, ambayo mabadiliko madogo tu ya jeni yameifanya ing'ang'anie zaidi ukuta wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Tena, akimezwa na seli za kinga, hafi, bali huzaliana humo humo. Hata hivyo bakteria wa namna hii wameonekana pia kwa baadhi ya watu wasio na ugonjwa huo.

Ndiyo maana jeni za mgonjwa nazo huangaliwa. Mwaka 2001 watafiti walihusisha Crohn na jeni ya NOD2, ambayo protini yake hutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Hitilafu katika jeni hiyo huongeza uwezekano wa kuugua, lakini haiamui: pacha wa kufanana wa mgonjwa mara nyingi hubaki mzima.

Antibiotiki, kwa upande wake, haichagui. Inaweza kumfagia pia bakteria mwema, Faecalibacterium prausnitzii, anayetengeneza butireti, chakula cha seli za utumbo mpana, na ambaye kwa wagonjwa wengi wa Crohn tayari amepungua. Zipo nyakati ambapo dawa hizo huhitajika, kwa mfano likitokea jipu tumboni, ila hapo anayeamua ni daktari anayemtibu. Ampelekee karatasi hiyo, pamoja na majina ya dawa zote za amiba alizokwisha kumeza.